Moshi wa Los Angeles, soketi ya Gahanga

Barabara inayotoka Nyamata huvuka mto Nyabarongo, nchini Rwanda, kisha huanza kupanda kuelekea Gahanga. Koili iliyochoka, ambayo huko tambarare ilijificha, hushindwa kwenye mlima huu: gari linamisi, taa ya injini inawaka na kuzima. Kwenye gereji, fundi anainama chini ya usukani, anachomeka mashine kwenye soketi yenye matundu 16, na kioo kinaonyesha P0300, namba ya injini inayomisi. Soketi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya fundi wala mwenye gari. Iliwekwa kwa sababu ya moshi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu uliowachoma macho wakazi wa Los Angeles ulitokana kwa sehemu kubwa na moshi wa magari uliopigwa na jua. California ikaunda bodi ya kusimamia hewa mwaka 1967, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Masharti yakazidi kukazwa hadi kabureta ikashindwa kuyatimiza. Yakaja masega ya eksozi yanayosafisha moshi, sensa ya oksijeni, na kompyuta ya kupima mafuta na hewa.

Kompyuta iliujua ugonjwa, lakini kila kiwanda kilikuwa na namna yake ya kuutaja. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, fundi aliunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akahesabu taa inavyopepesa. Kwa magari mengine alihitaji mashine ya kiwanda chenyewe, na gereji ndogo haikuwa na uwezo wa kuinunua.

California ndiyo iliyovunja ukuta huo. Ililazimisha magari ya mwaka 1991 yajipime yenyewe. Kufikia 1996, kila gari jipya dogo lililouzwa Marekani lilikuwa na soketi ya namna moja na orodha moja ya namba za hitilafu. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Baadaye chipu ya ELM327, iliyobuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, na nakala zake za bei rahisi kutoka China, zikaifanya simu ya mkononi isome namba hizo. Kwangu hili ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia hii: sheria ya hewa safi ilimfungulia fundi wa mtaani mlango ambao viwanda vilikuwa vimeufunga.

Rwanda ilinufaika kwa njia yake. Hapa tunaendesha upande wa kulia, hivyo magari mengi yaliyotumika hutoka kwenye masoko ya usukani wa kushoto, yakiwemo ya Marekani na Ulaya, ambako soketi hiyo ilikuwa lazima. Jirani zetu Tanzania, Kenya na Uganda walipokea magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, na yale ya zamani mara nyingi hayakujibu mashine ya kawaida.

Lakini namba si hukumu. P0171 inasema mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa. Haisemi kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Huenda ni mpira wa hewa uliopasuka au pampu ya mafuta iliyochoka. Fundi anayebadilisha sensa kwa kubahatisha anamlipisha mteja kosa lisilo lake. Kwa gari linalomisi, fundi makini huhamisha koili kutoka silinda ya kwanza kwenda ya pili, kisha anasoma upya: P0301 ikigeuka P0302, koili ndiyo mbovu.

Mwaka 2025 Rwanda ilianza kupima moshi wa magari kwa lazima, na wapo wanaokimbilia kufuta namba kabla ya ukaguzi. Kufuta kunazima taa bila kuponya hitilafu. Kunafuta pia kumbukumbu ya hali ya injini hitilafu ilipotokea, yaani mwendo, joto na mzigo, vitu ambavyo fundi angevihitaji. P0420, inayosema masega hayasafishi moshi ipasavyo, ikitokea, ziandikwe kwanza takwimu hizo, ikaguliwe eksozi kama inavuja, zipimwe sensa mbili, ya kabla na ya baada ya masega, ndipo masega yenyewe yalaumiwe.