Moduli za Eldoret

Waandishi wa programu za wavuti wamezoea kueleza mgawanyo wa msimbo katika moduli kana kwamba ni suala la usafi: kila faili mahali pake, kila kazi na folda yake, ili anayekuja kesho asipotee. Usafi ni jambo jema, lakini hautoshi kueleza kwa nini mifumo mingine hudumu miaka ishirini ilhali mingine, iliyopangwa vizuri vilevile, huachwa baada ya mitatu. Hoja yangu ni kwamba moduli ina thamani pale tu mpaka wake unapolizunguka jambo linalotarajiwa kubadilika, au jambo ambalo watumiaji hawatakubaliana juu yake kamwe. Ushahidi ulio wazi wa hoja hiyo uko Afrika Mashariki, katika historia ya OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliochongwa na mahitaji ya Eldoret.

Mambo yalianzia Mosoriot, kituo cha afya cha kijijini si mbali na Eldoret. Huko, mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianza kutunza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, wakitumia Microsoft Access. Mwaka huohuo ulianza mpango wa AMPATH wa kuwahudumia wanaoishi na VVU, na haukupita muda mrefu kabla ya programu iliyokusudiwa kituo kimoja kubebeshwa maelfu ya wagonjwa wa kliniki nyingi. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret, wakaiona hali hiyo, na wakaamua kuandika mfumo mpya badala ya kuutia viraka ule wa zamani. Wakaungana na Partners In Health, shirika la Boston lililokuja kufanya kazi Rwanda. Mwaka 2006 mfumo ulianza kutumika Eldoret, kisha Rwinkwavu, nchini Rwanda. Tangu uchanga wake, basi, programu hii ilihudumia pande mbili zenye mazoea tofauti, na hakuna upande uliokuwa na mamlaka ya kuulazimisha mwingine.

Hapo ndipo fikra za David Parnas, mwanasayansi wa kompyuta, zinapoingia. Katika makala yake ya mwaka 1972 alichukua programu ndogo ya kutengeneza faharasa: inasoma mistari, inazungusha maneno ya kila mstari, inaipanga kwa alfabeti, kisha inaichapa. Akaigawa mara mbili. Mgawanyo wa kwanza ulifuata hatua za kazi, kama ambavyo karibu kila mtu angefanya. Katika wa pili, kila moduli ilificha uamuzi mmoja, kwa mfano jinsi mistari inavyohifadhiwa ndani ya kompyuta. Yote miwili inafanya kazi. Lakini ukibadilisha namna ya kuhifadhi mistari, katika mgawanyo wa kwanza utagusa karibu kila moduli. Katika wa pili utagusa moja tu.

Sidai kwamba wajenzi wa OpenMRS waliandika wakiwa na makala hiyo mkononi, ila walichokifanya kinalingana nayo. Katika kiini waliacha yale yaliyo sawa kila hospitali: mgonjwa, hudhurio, kilichopimwa au kuonekana, na kamusi ya dhana. Kamusi hii inastahili kutazamwa kwa karibu. Uzito, idadi ya seli za CD4 au jina la dawa si safu katika jedwali la hifadhidata; kila kimoja ni kidahizo katika kamusi, hivyo kliniki inayotaka kuuliza swali jipya huongeza kidahizo bila kubomoa jedwali lolote. Yanayotofautiana yaliwekwa kwenye moduli. Moduli ni faili moja yenye tamati .omod, ambayo msimamizi huipakia kwa kivinjari. Ndani yake mna faili iitwayo config.xml inayotaja jina la moduli, toleo lake, moduli nyingine inazozitegemea, na mahali inapojichomeka, kama vile kichupo kipya katika ukurasa wa mgonjwa. Ukiizima, kichupo kinatoweka. Vipimo vya mgonjwa vinabaki palepale.

Faida yake ilionekana kwenye fomu. Mwanzoni zilitengenezwa kwa InfoPath ya Microsoft, programu ya kulipia. Baadaye ikaja moduli ya fomu za HTML, na kwa kuwa zote mbili ziliandika kwenye kiini kilekile, kliniki iliweza kuhama bila kupoteza rekodi. Rwanda nayo ilihitaji kuoanisha rekodi za vituo vyenye intaneti isiyoaminika. Kazi hiyo ikawa moduli, na asiyeihitaji hakulazimika kuibeba.

Wapo watakaosema kwamba mwanasayansi wa kompyuta Melvin Conway alishaeleza yote haya mwaka 1968: mfumo huiga mawasiliano ya watu wanaoujenga, na moduli hizi ni jiografia tu. Kuna ukweli hapo, ila kama ingekuwa hivyo tu tungekuwa na moduli ya Eldoret na moduli ya Rwinkwavu. Tulichonacho ni moduli ya fomu na moduli ya kuoanisha. Pingamizi zito zaidi ni la gharama. Moduli hii inadai toleo fulani la ile, kiini kikisasishwa nyingine zinagoma, na hospitali ya wilaya haina fundi wa kukesha na hayo. Ni kweli, na ndiyo maana kuna KenyaEMR na UgandaEMR, vifurushi vya moduli zilizokwisha kuchaguliwa na kujaribiwa pamoja. Kifurushi kinamwondolea mtumiaji mzigo wa kuchagua. Mipaka iliyo ndani yake inabaki kwa faida ya wanaoutunza msimbo.

Kosa kubwa la OpenMRS, kwa maoni yangu, lilikuwa skrini. Kwa miaka mingi kurasa zake zilikaa ndani ya kiini, ingawa hakuna kinachotofautiana kati ya kliniki na kliniki kama skrini, na kuzihamishia kwenye moduli yake kulisubiri toleo la 2.0 la kiini. Katika OpenMRS 3 skrini yenyewe imegawanywa: vipimo, miadi na mizio ni vipande ambavyo kivinjari hupakia kila kimoja peke yake, na KenyaEMR imejenga kurasa zake mpya juu ya utaratibu huo, ikiongeza vipande vyake kando ya vile vya wote.