Malungu ya Ufipa na Miwani Isiyojua Giza

Sumbawanga, wenyewe watakwambia, maana yake ni "tupa uchawi". Nchi nzima imeligeuza jina hilo kuwa utani, na Mtanzania akitaja mji huu usiku lazima mtu adakie habari ya radi ya kuagizwa au safari ya kwenye ungo. Sasa hapa, kuliko mahali pengine popote, itahitaji maelezo gani kumweleza mtu kwamba kuna miwani ukiivaa unaona kitu kisichokuwapo, kimesimama shambani mbele yako, unakizunguka na kukichungulia kwa ndani?

Wataalamu wanaiita teknolojia hiyo uhalisia mseto: dunia yako unaiona kama ilivyo, na juu yake kompyuta inapachika picha ambayo haihami hata ukigeuza kichwa. Si jambo jipya sana. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland alionyesha chombo cha kuvaa kichwani, kizito kiasi kwamba ilibidi kining'inizwe darini, na kilichoonekana ndani yake ni mistari mitupu ya umbo la boksi. Mwaka 1992 Tom Caudell na David Mizell wa kampuni ya Boeing walieleza jinsi fundi wa ndege angeweza kuona machoni pake waya upite wapi. Miaka ya mwanzo ya 2000, huko Olympia, Ugiriki, watafiti waliwabebesha wageni kompyuta mgongoni ili waone mahekalu yaliyobomoka yakisimama tena. Hapo ndipo historia ya kale na miwani vilipokutana.

Upande wetu huu, Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa miale ya leza. Kenya, kina Chao Tayiana Maina na wenzake wamejenga upya, ndani ya kompyuta, kambi walimofungiwa watu wakati wa Mau Mau. Kazi hizo mbili nazipenda kwa sababu moja: zilianza na mahali na watu wake, kifaa kikaja baadaye.

Ufipa nako kuna cha kuonyesha. Katika uwanda ule wa juu, Nkasi na Sumbawanga, yapo malungu: matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma, marefu kumzidi mtu, mita mbili hadi tatu na mengine zaidi. Urefu ule si mapambo. Ilungu linafanya kazi kama bomba la moshi. Hewa ya moto inapanda, inavuta hewa mpya kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini, na mkaa unawaka bila mtu kushika mvukuto. Kinachotoka bado ni chuma kichafu. Kinapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto inafanya kazi, kisha mhunzi anafua jembe. Chuma cha kununua kutoka ng'ambo kiliizima kazi hiyo mwanzoni mwa karne iliyopita. Malungu kadhaa yamebaki, mengine mazima kabisa, mengine yameporomoka kwa mvua na mizizi. Mavi ya chuma yametapakaa yalipokuwa.

Tuseme basi kijana wa Sumbawanga anataka kutengeneza programu ya kuliwasha ilungu moja tena. Umbo ni rahisi. Atalizunguka na kamera, apige picha mamia zinazopandana, kompyuta izishone ziwe umbo kamili, aliingize kwenye Unity, programu ile ile ya kutengenezea magemu. Shida inaanza nje. Miwani yenye kioo cha kupitisha mwanga, kama HoloLens ya Microsoft, huchora kwa kuongeza nuru juu ya unachokiona. Haiwezi kupunguza. Nyeusi kwake ni kutokuwa na kitu. Kwenye jua la saa sita pale uwandani picha yake inafifia kama tochi mchana, na tumbo la ilungu, ambalo lote ni masizi na giza, ndilo hasa isiloweza kulichora. Miwani ya aina ya pili, inayokuonyesha dunia kupitia kamera, giza inaliweza, ila lenzi zake zikielekea jua hulikusanya na kuchoma vioo vya ndani. Ninavyoona mimi, mtengenezaji mwenye akili atafanya onyesho lake jioni, au atumie simu tu.

Na vifaa vyenyewe havidumu. HoloLens ilianza kuuzwa kwa watengenezaji mwaka 2016, kwa dola 3,000. Mwaka 2024 Microsoft ikaacha kuitengeneza ile ya pili. Miaka minane! Udongo wa kichuguu umeishi zaidi.

Lakini kinachonisumbua si kioo. Umbo la ilungu bado tunalo. Kilichopotea ni kazi yenyewe, na kazi ile ilikuwa na maneno. Padri Wyckaert aliandika habari za wahunzi wa huku mwaka 1914. J.A.R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa akaandika mwaka 1969, halafu Bertram Mapunda na Randi Barndon wakachimba na kuuliza wazee. Humo tunasoma kwamba tanuru jipya lilitendewa kama bibi harusi, kwamba mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe, kwamba kulikuwa na dawa ambazo si za kila jicho. Hivi, programu ionyeshe yote hayo kwa mtalii yeyote mwenye tiketi? Moto wenyewe unaonyeshwa bila matata. Harusi ile, ukiichora kama katuni, umeivua nguo hadharani.

Ningemshauri kijana wetu aache baadhi ya vitu visionekane na aviweke kwenye sauti. Mzee asimulie kwa Kifipa, kwa kiasi anachotaka yeye, akinyamaza anyamaze. Mpaka sasa habari za malungu zimelala zaidi kwenye Kifaransa na Kiingereza. Mjukuu wa mhunzi aliyeko Namanyere akizitaka, anazipata kwa lugha ya mgeni. Sauti hiyo haihitaji miwani ya dola elfu tatu. Inahitaji kinasa sauti, ruhusa ya familia, na mtu anayejua Kifipa cha wazee, wakati wazee bado wapo. Mvua za Novemba nazo hazisubiri mtu amalize kujifunza Unity.