Gesi ya Kalimoni Inatoka Wapi

Hapa Kalimoni ukiuliza gesi ya kupikia inatoka wapi, kijana wa bodaboda atakuonyesha duka la mitungi kando ya barabara. Mzee atakuambia inatoka Tanzania. Nimelisikia jibu la mzee mara nyingi mno, kwenye ploti, kwenye matatu ya kwenda Thika, hata kwa watu waliosoma kuniliko (si kazi ngumu, niliacha chuo mwaka wa pili). Ni jibu lililoukaribia ukweli, na ndiyo maana linadumu.

Tanzania ina gesi, hilo halina ubishi. Kampuni ya Kiitaliano, AGIP, iliigundua Songo Songo, kisiwa cha mkoa wa Lindi, mwaka 1974, kisha Mnazi Bay kule Mtwara mwaka 1982. Ikakaa chini ya ardhi miaka mingi bila mtu kupika hata chai. Ilibidi kungoja 2004, bomba lilipofika Dar es Salaam, na nyingi imekuwa ikichomwa kuzalisha umeme. Bomba la pili, la kilomita 542, lilizinduliwa mwaka 2015 kutoka Mtwara, na halikupita kwa amani. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kuuliza mbona mali yao inapelekwa Dar kabla wao hawajafaidi. Watu walikufa. Ukitaka kujua gesi ni ya nani, Mtwara ni mahali pazuri pa kuanzia.

Lakini gesi ile siyo hii iliyo kwenye mtungi wangu wa kilo 6. Gesi asilia ya Songo Songo karibu yote ni methani, na methani haigeuki kuwa maji mpaka uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Ndiyo maana husafirishwa kwa bomba. Iliyo mtungini ni propani na butani, ambazo ukizibana kidogo tu zinakuwa maji. Tikisa mtungi, utazisikia zikicheza ndani. Hizi hupatikana kwa njia mbili: kusafisha mafuta ghafi, au kuzitenga na gesi asilia pale inapotoka ardhini, kwenye visima ambavyo gesi yake imechanganyika nazo. Songo Songo hazimo za kutosha. Kwa hiyo hata Tanzania, pamoja na visima vyake vyote, hununua gesi ya mitungi kutoka ng'ambo.

Basi kumbuka ugomvi wa 2017. Kenya ilipiga marufuku gesi inayoingia kwa malori kutoka Tanzania, Tanzania nayo ikabana bidhaa zetu, yakiwemo maziwa. Mwezi Julai marais Kenyatta na Magufuli wakakubaliana kuacha. Watu wengi walidhani tunagombania gesi ya Tanzania. Wapi! Ilikuwa gesi iliyoshuka melini Tanzania, ikapakiwa kwenye malori na kuvuka mpaka. Majirani wawili waligombana juu ya mzigo wa watu wengine.

Yetu sisi kwa muda mrefu ilitoka Changamwe. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kilianzishwa na Shell na BP miaka ya 1960 kuhudumia Afrika Mashariki yote, na gesi ilikuwa zao la pembeni tu, kinachopatikana pamoja na petroli na dizeli. Kiwanda kikisimama kwa matengenezo, gesi inaadimika. Haikuwa shida kubwa kisiasa kwa sababu waliopika kwa gesi walikuwa wachache. Huku kwetu moto ulikuwa makaa, mafuta ya taa, na matawi yaliyopogolewa kwenye mashamba ya kahawa.

Septemba 2013 Changamwe iliacha kusafisha mafuta. Mwaka huohuo, Mombasa hiyohiyo, kampuni binafsi ya Africa Gas and Oil ilianza kupokea meli za gesi kwenye matangi yake, ambayo baadaye yalikua hadi kubeba tani 25,000. Naona huu ndio mwaka muhimu kuliko yote katika historia ya jikoni zetu, na sijawahi kuona ukiadhimishwa popote. Kabla yake sehemu ya gesi tuliyopikia ilikuwa zao la mafuta tuliyoyasafisha wenyewe, ijapokuwa ghafi yake ilinunuliwa nje. Baada yake, karibu kila mtungi unaanzia kwenye meli, hasa kutoka Ghuba, na sehemu kubwa ya mzigo inapita kwenye mlango wa mtu mmoja.

Si kwamba hatujatafuta ya kwetu. Tumetoboa tangu enzi za mkoloni. Mwaka 2012 kampuni ya Marekani, Apache, ilipata gesi kwenye kisima cha Mbawa baharini, upande wa Lamu. Magazeti yakasherehekea, kisha ikaonekana haitoshi kulipia gharama. Mei 2021 Rais Samia alipokuja Nairobi, nchi mbili zikatia saini makubaliano ya bomba kutoka Dar hadi Mombasa. Hilo lingeleta methani kwa viwanda na umeme. Mtungi wangu lisingeugusa.

Kinachougusa ni kodi. Februari 2018 serikali ilizuia ukataji miti, makaa yakapanda. Septemba ikaweka ada ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, ati wachuuzi wasichanganye na dizeli. Sawa, tukahamia gesi kama tulivyoambiwa. Julai 2021, gesi nayo ikawekewa VAT ya asilimia 16. Ikashushwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023. Miaka hiyo miwili nilijifunza kupika wali wa siku tatu kwa mara moja, na malipo ya makala yakichelewa mtungi ulikaa mtupu chini ya sinki.

Shosho wa nyumba ya mwisho kwenye ploti yetu ana gesi pia. Ni ya chai na mayai. Githeri bado anaichemsha nje kwa makaa, na ukimuuliza anakujibu, "Mahindi makavu na gesi, kijana wangu? Utalipa wewe?"