Malai kwa London, Mabaki kwa Nguruwe

Maziwa mabichi yakiachwa yatulie katika chombo kipana, mafuta yake, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda juu na kutanda: hayo ndiyo malai. Baada ya hapo ni kuyaengua kwa kijiko au kwa kata yenye matundu. Kazi hiyo ni rahisi kuieleza, lakini ina sharti moja ambalo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haikulitimiza: baridi. Mafuta huhitaji muda wa siku nzima au zaidi ili yapande vizuri, na maziwa ya Musoma au ya Machakos huwa yamekwisha kuganda kabla ya hapo.

Ndiyo maana wafugaji wa huku hawakushughulika sana na kuengua. Waliyaacha maziwa yagande, wakayatia katika kibuyu, wakayasuka mpaka siagi ikajitenga yenyewe. Nchini Rwanda kibuyu hicho huitwa igisabo. Ankole, magharibi mwa Uganda, ni ekisaabo, na kukisuka ilikuwa kazi ya wanawake. Siagi ilipakwa mwilini, ililiwa, iliyeyushwa ikawa samli. Wakalenjin nao walipenda zaidi kuyanywa maziwa pamoja na mafuta yake, yakiwa yamelala siku kadhaa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa: huo ndio mursik. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba hakuna kilichobaki bila mwenyewe. Mtindi uliosalia baada ya siagi kutoka ulinywewa nyumbani, na watoto walipata sehemu yao.

Watu wa pwani, ambako ng'ombe hawakuwa wengi, walizoea kuipata samli kwa njia ya bahari. Periplus ya Bahari ya Erithrea, kitabu cha mwongozo wa biashara kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinaitaja samli pamoja na ngano, mchele na mafuta ya ufuta katika shehena zilizotoka India kwenda bandari za ile ambayo leo ni pwani ya Wasomali. Karne nyingi baadaye majahazi yalikuwa yakiishusha Unguja samli ya Barawa na Mogadishu. Wapishi wa pilau na biriani hawakuwahi kumngoja Mzungu awafundishe thamani ya mafuta ya maziwa.

Kuengua hasa, kama kazi ya watu wengi na baadaye kama biashara kubwa, kulikulia Ulaya ya kaskazini. Katika mashamba ya Uswidi na Denmark wanawake walimimina maziwa katika sinia pana, wakayapanga kwenye vyumba vya chini vyenye ubaridi, wakangoja. Mwaka 1864 Mswidi Johan Gustaf Swartz alionyesha kwamba ndoo ndefu zilizosimamishwa katika maji ya barafu hutoa malai safi na yasiyochacha upesi. Ilikuwa hatua nzuri kwa mwenye shamba kubwa. Mkulima wa ng'ombe watatu hakuwa na barafu wala chumba cha kutosha, na siagi yake ilifika sokoni ikiwa imeanza kunuka.

Kisha akaja Gustaf de Laval. Mhandisi huyu wa Kiswidi hakuwa wa kwanza kufikiria kuyazungusha maziwa kwa kasi ili yajitenge. Mjerumani Wilhelm Lefeldt alikwisha kujaribu, ila mashine yake ilibidi isimamishwe kila mara ili malai yaondolewe. Ile ya de Laval ya mwaka 1878 haikusimama. Maziwa yaliingia upande mmoja katika bakuli la chuma linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Yale mazito yenye majimaji yalitupwa ukutani, mafuta yakajikusanya katikati, na kila kimoja kikatoka kwa mdomo wake. Mwaka 1883 yeye na Oscar Lamm walianzisha kampuni ya AB Separator, ambayo leo inajulikana kwa jina la Alfa Laval. Kazi ya siku nzima ikawa ya dakika chache, tena bila barafu. Na pale ambapo mkono wa mwenguaji hodari uliacha mafuta mengi katika maziwa, mashine iliacha chembe tu.

Mashine ndogo za kuzungushwa kwa mkono ziliuzwa mpaka mashamba ya mbali kabisa duniani. Nyingi zilikuwa na kengele kwenye mpini: ililia kila mzunguko mpaka mzungushaji afikie kasi inayotakiwa, ndipo ikanyamaza. Mvivu hakuwa na pa kujificha.

Wadenmark ndio walioitumia mashine hiyo kubadili maisha ya mkulima mdogo. Mwaka 1882, katika kijiji cha Hjedding magharibi mwa Jutland, wakulima waliungana kuanzisha kiwanda cha ushirika cha siagi, na mtindo huo ukasambaa nchi nzima kwa kasi ya ajabu. Katika vyama hivyo kura ilikuwa ya kichwa cha mtu, si ya kichwa cha ng'ombe. Mkulima alipeleka maziwa asubuhi. Malai yakabaki kiwandani, naye akarudishiwa maziwa yaliyoenguliwa, akayapeleka zizini kwa nguruwe. Mwaka 1887 kikafunguliwa mjini Horsens kiwanda cha kwanza cha ushirika cha nyama ya nguruwe. Meli zilizovuka kwenda Uingereza zikawa zinabeba siagi na bekoni kwa pamoja, na zote mbili zilitoka kwenye ndoo ileile. Walioondokewa na kazi ni wanawake: ujuzi wa siagi uliokuwa wao kwa vizazi uliingia kiwandani, na kiwandani wasimamizi wakawa wanaume.

Ushirika ulileta pia wizi wa aina yake. Kiwanda kililipa kwa ujazo au kwa uzito, basi kwa nini mtu asiengue kidogo nyumbani kabla ya kupeleka? Laktomita, kile kipimo kinachoelea ambacho bado kinatumika katika vituo vingi vya kukusanyia maziwa Afrika Mashariki, hupima uzito wa maziwa ukilinganishwa na maji. Maji yakiongezwa, maziwa huwa mepesi na kipimo huzama zaidi. Lakini mafuta yakienguliwa, maziwa huwa mazito na kipimo huinuka. Mjanja aliyeengua kwanza kisha akaongeza maji kwa kiasi alipata namba isiyomtia hatiani hata kidogo. Alikuwa ameiba mara mbili, na kipimo kinamsafisha.

Waliokomesha mchezo huo ni wanakemia. Mwaka 1890 Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alitangaza njia ya kupima mafuta yenyewe: asidi ya salfuriki inayeyusha kila kitu isipokuwa mafuta, chupa inazungushwa, mafuta yanapanda kwenye shingo yenye alama, mtu anasoma asilimia. Babcock hakuitafutia hataza njia hiyo. Aliiachia watu wote. Uswisi, Niklaus Gerber akatengeneza njia inayofanana nayo miaka hiyohiyo. Tangu hapo mkulima akalipwa kwa mafuta, na kuongeza maji kukawa kazi ya bure.

Mashine ya malai ilifika Kenya na walowezi. Lord Delamere, aliyejikatia shamba Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, alipoteza mifugo mingi kwa magonjwa kabla ya kupata njia, na hakuwa peke yake. Waliobaki na ng'ombe walikuwa na tatizo la pili: maziwa hayavumilii safari ya mkokoteni wa maksai mpaka stesheni ya reli. Malai yanavumilia. Hata yakichacha kidogo hutengeneza siagi, na debe moja la malai hubeba mafuta ya maziwa ya madebe mengi. Kwa hiyo maziwa yalienguliwa shambani, malai yakapanda treni, na maziwa yaliyobaki wakapewa ndama na nguruwe. Mwaka 1925 walowezi waliunda Kenya Co-operative Creameries, KCC, kuanzia Naivasha, na siagi ya Bonde la Ufa ikaanza kushindana na ya Denmark katika soko la London.

Kushindana ni neno la heshima mno. Bei ya dunia ilipoanguka, sheria ya mwaka 1931 iliweka tozo kwa siagi iliyouzwa nchini ili kufidia hasara ya ile iliyosafirishwa. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa Nairobi alimchangia mlaji wa London. Wadenmark walijenga biashara yao juu ya wingi wa wakulima wadogo. Kenya ya walowezi ilijenga yake juu ya kuwazuia. Mwafrika aliyekaa katika shamba la mlowezi alikamua, alizungusha mpini, alisafisha mashine, lakini ng'ombe wake mwenyewe waliwindwa. Kampeni ya kupunguza mifugo ya maskwota wa Kikuyu mwishoni mwa miaka ya 1920 wenyewe waliiita kifagio, na jina hilo halihitaji maelezo.

Nje ya mashamba hayo mashine ilipewa kazi nyingine. Katika miaka ya 1930 maofisa wa mifugo walihimiza vituo vya samli katika maeneo ya Waafrika: Nyanza na Machakos kwa upande wa Kenya, na kanda ya Ziwa Victoria kwa upande wa Tanganyika. Maziwa yalienguliwa hapo, malai yakageuzwa samli, na wafanyabiashara Wahindi wakainunua. Samli haikuwa tishio kwa siagi ya Naivasha, na ni vigumu kuamini kwamba hilo halikuwa sababu mojawapo ya ukarimu huo.

Nguruwe walionenepeshwa kwa maziwa yaliyoenguliwa walikuwa na kiwanda chao, Uplands, karibu na Limuru. Septemba 1947 wafanyakazi wake waligoma, polisi wakafyatua risasi, na watu watatu wakafa. Tukio hilo linakumbukwa katika historia ya vyama vya wafanyakazi; mara chache linasimuliwa pamoja na siagi, ingawa kilichowalisha nguruwe wa Uplands ni mabaki ya malai yaliyokwenda London.

Mpango wa Swynnerton, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1954, ulimfungulia Mwafrika wa Kenya mlango wa ng'ombe wa gredi, na baada ya uhuru sehemu kubwa ya maziwa ya nchi ikawa ya wakulima wadogo. Barabara, magari na viwanda vya kuchemsha maziwa vilifanya iwezekane kuuza maziwa yote kwa pamoja, mafuta na vinginevyo. Mashine ya mkono ikatoka shambani. Kuengua kukahamia kiwandani.

Mabaki nayo yalipanda cheo. Kwa muda mrefu viwanda vya Ulaya na Marekani havikujua la kuyafanya. Mengine yalimwagwa mitoni, mengine yakatolewa kezini, yaani protini ya maziwa, ya kutengenezea gundi na, tangu mwishoni mwa karne ya 19, vifungo vya nguo. Ukaushaji ulibadili hesabu, kwa sababu maziwa yasiyo na mafuta hukaa muda mrefu yakiwa unga bila kuoza. UNICEF, iliyoanzishwa mwaka 1946, iligawa unga huo kwa watoto wa nchi nyingi. Ulikuwa na kasoro: vitamini A huondoka na mafuta, kwa hiyo ilibidi baadaye irudishwe kiwandani.

Mahali ambapo unga huo ulionyesha nguvu zake ni Kampala. Katika hospitali ya Mulago, madaktari Hugh Trowell na Rex Dean walikuwa wakihangaika na kwashiakoo, ugonjwa ulioelezwa na Cicely Williams huko Gold Coast, Ghana ya leo, katika miaka ya 1930: mtoto anavimba miguu, nywele zinabadilika rangi, ngozi inabanduka, anakataa kula. Maziwa ya unga yaliyoenguliwa, yenye protini nyingi, yakawa msingi wa matibabu. Miaka ya 1960 Mulago ikafungua kitengo cha Mwanamugimu, ambako mama alifundishwa pia kumlisha mtoto kwa vyakula vya shambani mwake, asije akategemea kopo la hospitali.

Wodi za watoto wenye utapiamlo mkali bado zinautumia unga huo. Fomula ya F-100, inayotolewa mtoto anapoanza kupata nafuu, katika mapishi yake ya kawaida ina gramu 80 za maziwa ya unga yaliyoenguliwa kwa kila lita, gramu 50 za sukari, mchanganyiko wa madini na vitamini, na gramu 60 za mafuta ya mimea, kuziba nafasi ya mafuta yaliyoondolewa kiwandani.