Mpungate, Mgeni Mwenye Miiba

Ukienda pande za Doldol, Laikipia, utakuta mipungate imetanda mpaka nyasi zimekosa pa kuota. Mbuzi akila matunda yake, vimiiba vidogo kama nywele humchoma mdomo na matumbo. Mwambie mfugaji wa huko kwamba dungusi hilo ni chakula, atakuangalia tu.

Kumbe ni chakula kweli, tena cha zamani. Kwao ni Meksiko, ambako hata kwenye bendera tai amesimama juu ya mpungate. Jani lake, lile bapa nene, huparwa miiba kwa kisu, likakatwa vipande na kuchemshwa, kisha likakaangwa na mayai, vitunguu, nyanya na pilipili. Lina ute kama bamia na uchachu kidogo. Kuupanda si kazi: kata jani, liache kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, chomeka udongoni. Basi. Na urahisi huo ndio balaa la Laikipia. Ukiufyeka kwa panga na kuacha vipande chini, umepanda mingine. Ndovu na nyani nao hula matunda na kusambaza mbegu.

Lakini kisa kisichonitoka kichwani ni cha Madagaska. Mwaka 1769 Mfaransa aitwaye de Modave aliupeleka mpungate Fort-Dauphin, kusini mwa kisiwa. Wenyeji wakaufanya wao. Ukawa ua wa kijiji na ngome dhidi ya wavamizi. Matunda yake yaliwavusha watu kiangazi, na ng'ombe walilishwa majani yaliyobabuliwa miiba motoni. Chakula na maji humohumo. Maafisa wa kikoloni, baadhi yao, waliuona kikwazo tu.

Miaka ya 1920 akaingizwa mdudu mdogo mwenye utando mweupe, ambaye ukimponda hutoa rangi nyekundu. Hufyonza mpungate hadi unyauke. Ndani ya miaka michache ile mipungate ya kusini ikateketea. Mvua zilipokosekana ng'ombe walikufa kwa wingi, na njaa ya 1930 na 1931 ikaua watu.

Mdudu wa jamii hiyo ameshaachiliwa Laikipia. Mimi sipingi. Wafugaji wa hapa hawakuwahi kuutegemea mpungate namna ile. Kwao ni mwizi wa malisho, ulioletwa enzi za ukoloni. Ila wapo akina mama wa hukohuko wanaotengeneza jemu na sharubati kwa matunda yake na kuuza, na hao nao wana haki ya kuulizwa kabla mdudu hajafika kwenye ua wao.

Ukipata tunda, tafadhali usilishike kwa mkono mtupu. Lishike kwa koleo, libabue juu ya moto, lioshe, ndipo umenye. Mbegu ni ngumu kama kokoto. Chuja, au meza tu.