Wauaji wa kafara na wapelelezi wa China ya kale

Tamthilia ya upelelezi ya Kichina huanza na maiti. Msichana anakutwa amelala kando ya mfereji, kifuani amechorwa alama nyekundu, na pembeni yake kuna ubani uliokwisha kuungua. Baada ya siku chache anakutwa wa pili, alama ni zilezile. Akipatikana wa tatu, mji mzima unafunga milango kabla jua halijazama na wazee wananong'ona kwamba kuna mtu anatoa kafara. Ndipo anapoingia ofisa wa nasaba ya Tang, kofia nyeusi kichwani, na nyuma yake mkagua maiti aliyebeba kisanduku cha visu.

Hadithi ni ya kubuni, lakini imesimama juu ya historia nzito kuliko hadithi yenyewe. Kwa karne nyingi dola ya China iliwasaka wauaji wa kafara. Mara nyingine iliwakamata kweli. Mara nyingine iliwatengeneza yenyewe ndani ya vyumba vya mateso. Ukisoma kesi hizo utaona kwamba mengi yalitegemea mpelelezi alianza kuhoji nini: maiti, au mgongo wa mtuhumiwa.

Sheria yenyewe haikuwa na mzaha. Kanuni za Tang za mwaka 653 ziliorodhesha makosa makubwa kumi yasiyosamehewa hata mfalme anapotoa msamaha wa jumla. Miongoni mwake lilikuwamo kundi la makosa ya unyama uliopita kiasi: kuua watu watatu wa nyumba moja wasio na hatia ya kufa, kukatakata mwili wa mtu, na kutengeneza sumu ya kichawi iliyoitwa gu. Watu waliamini kwamba mchawi hukusanya nyoka, nge na tandu, akawafungia katika chungu kimoja wakalana mpaka abaki mmoja, na huyo mmoja ndiye mwenye sumu ya kuulia watu kimyakimya. Aliyetiwa hatiani kwa kosa hilo alinyongwa, na waliokaa naye nyumba moja walipelekwa uhamishoni mbali hata kama hawakujua lolote. Ofisa aliyepelekewa mashtaka ya namna hii alijua kwamba akikosea, hapotei mtu mmoja, inapotea familia nzima.

Mpelelezi anayependwa kuliko wote katika hadithi hizi ni Di Renjie, na huyu aliishi kweli, kuanzia mwaka 630 hadi 700. Historia rasmi ya Tang inasema kwamba akiwa katika mahakama kuu alimaliza kwa mwaka mmoja mashauri yaliyogusa watu 17,000, na hakuna aliyelalamika kwamba ameonewa. Hesabu kubwa namna hiyo inanitia shaka. Mambo mawili mengine ya maisha yake yananivuta zaidi. La kwanza ni la mwaka 688, alipotumwa kusini mwa mto Yangzi akabomoa mahekalu zaidi ya 1,700 ambayo serikali iliyaona ni ya ibada haramu, akabakiza manne tu ya mashujaa wa kale. Kwa hiyo ofisa wa tamthilia anayevunja mlango wa hekalu la siri usiku hakutungwa hewani.

La pili lilimpata mwenyewe. Mwaka 692 Di Renjie alikamatwa kwa tuhuma za uhaini na kutiwa mikononi mwa Lai Junchen, mtesaji aliyeogopwa kuliko wote katika utawala wa malkia Wu Zetian. Wakati huo palikuwa na utaratibu kwamba anayekiri uhaini mara tu anapoulizwa hupunguziwa adhabu ya kifo. Di Renjie akakiri papo hapo. Walipomlegezea ulinzi, alichana kipande cha kitambaa cha shuka, akaandika malalamiko yake, akakishona ndani ya joho lake la baridi, kisha akamwomba ofisa mmoja alipeleke joho nyumbani likatolewe pamba za hariri kwa kuwa joto limeanza. Mwanawe akaipata barua na kuifikisha kwa malkia. Malkia alipomwita na kumuuliza kwa nini alikiri kama hakutenda, alijibu kwamba kama asingekiri, angekuwa amekwisha kufa chini ya viboko. Aliokoka, ingawa alishushwa cheo na kupelekwa kuongoza wilaya ya mbali.

Sheria iliijua hatari hiyo. Kanuni zilezile za Tang ziliweka mipaka: mtuhumiwa asiteswe zaidi ya mara tatu, viboko vyote visizidi 200, na kati ya mara moja na nyingine zipite siku 20. Wenye miaka 70 na kuendelea, watoto wa miaka 15 kushuka chini, na walemavu hawakuruhusiwa kuteswa kabisa. Mashtaka dhidi yao yalithibitishwa kwa mashahidi watatu. Aliyevumilia viboko vyote bila kukiri aliachiwa kwa dhamana, na mshitaki wake ndiye aliyelazwa chini na kuchapwa. Sheria hiyo ilimfanya mtu afikiri mara mbili kabla ya kumwita jirani yake mchawi.

Je, wauaji wa kafara walikuwapo kweli? Walikuwapo. Mwaka 990, chini ya nasaba ya Song, katika wilaya ya Changyang iliyo kwenye milima ya mabonde ya Yangzi, ndugu wawili wa ukoo wa Xiang walipokea mafungu kumi ya sarafu kutoka kwa tajiri mmoja. Kila fungu lilihesabiwa kuwa sarafu elfu moja. Kazi waliyopewa ilikuwa kutafuta mtu wa kuchinjwa kwa ajili ya mizimu. Walimuua binti wa mwanakijiji mwenzao, wakamkata masikio, pua na viungo, wakampelekea tajiri. Wanakijiji ndio waliowashitaki, na ndugu wale wakaadhibiwa.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa hahitaji kufafanuliwa kesi hii. Tajiri anayebaki nyuma ya pazia, maskini wanaotumwa, mtoto wa jirani anayegeuzwa bidhaa: ndivyo ndugu zetu wenye ualbino walivyowindwa Tanzania katika karne hii yetu.

Kesi ya Changyang ingeishia wilayani kama ofisa aliyeitwa Luo Chuyue asingepita njia hiyo akiwa safarini kwa kazi ya serikali. Aliyoyakuta yalimchoma, akamwandikia mfalme moja kwa moja. Amri iliyotoka ilihusu majimbo mengi ya kusini na magharibi. Atakayepatikana na kosa hilo atauawa, atakayetoa taarifa atapewa mali ya mhalifu, na ofisa atakayeficha ataongezewa adhabu. Mwandishi wa amri ile alijua mahali penye uoza. Muuaji wa kafara huwa ana fedha, ana majirani wanaomwogopa, na mara nyingi ana ofisa anayeangalia pembeni. Aliyemwinda kwa dhati hakuanza na mganga, alianza na aliyelipa.

Zaidi ya miaka 250 baadaye akatokea mtu aliyeiandikia kazi hii mwongozo. Song Ci alizaliwa mwaka 1186 huko Jianyang, mkoa wa Fujian, akawa ofisa wa kusimamia haki katika mikoa kadhaa. Mwaka 1247 alitoa kitabu cha kuwafundisha maofisa namna ya kukagua maiti, kiitwacho Xi yuan ji lu, ambacho mara nyingi hutajwa kuwa kitabu kikongwe zaidi duniani kilichobaki cha uchunguzi wa maiti kwa ajili ya mahakama. Tamthilia humpa sifa zote mkagua maiti kijana mwenye akili kali. Katika maisha halisi mkagua maiti, wuzuo kwa Kichina, alikuwa mtu wa tabaka la chini aliyedharauliwa kwa sababu anashika wafu. Kazi yake ilikuwa kuosha mwili, kuugeuza na kutaja majeraha kwa sauti. Aliyetakiwa kuona kwa macho yake na kuandika ni ofisa mwenyewe.

Na hapo ndipo Song Ci alipokuwa mkali. Aliwakemea maofisa wanaokaa mbali na maiti, wameziba pua, wakimwachia karani ajaze fomu. Alitaka nywele zifunuliwe mpaka utosini, kwa sababu msumari unaweza kupigiliwa pale usionekane. Mwili uoshwe, upakwe machicha ya pombe na siki ili michubuko iliyofifia ijitokeze. Mifupa iliyooza nyama iinuliwe juani chini ya mwavuli mwekundu uliopakwa mafuta, nayo mistari ya damu ya zamani itaonekana. Baadhi ya mbinu zake sayansi ya leo haizikubali. Hii ya mwavuli ina mantiki, kwani kitambaa chekundu huchuja mwanga na kufanya tofauti ndogo za rangi zionekane. Ukaguzi wa kwanza ulifuatwa na wa pili uliofanywa na ofisa wa ofisi nyingine, naye hakuruhusiwa kushauriana na mwenzake.

Kisa kimoja katika kitabu hicho kimerudiwa na vizazi vingi. Mtu alikutwa amekufa kando ya njia, ana majeraha zaidi ya kumi. Watu walidhani ni wanyang'anyi, lakini nguo na vitu vyake vilikuwapo vyote. Ofisa aliyekuwa anakagua akasema moyoni kwamba mnyang'anyi huua ili achukue mali; hapa mali ipo na majeraha ni mengi, basi ni chuki. Akamwita mke wa marehemu na kumuuliza nani aligombana na mumewe. Mke akajibu kwamba hakuwa na adui, ila mtu fulani alikuja kukopa fedha akanyimwa. Majeraha yalikuwa ya mundu. Ofisa akaamuru kila nyumba ya jirani ilete miundu yake yote, na atakayeficha ahesabiwe kuwa ndiye muuaji. Ikapangwa chini miundu sabini au themanini, wakati wa joto kali. Nzi wakaja, wakatua kwenye mundu mmoja. Mwenyewe akaitwa, naye ni yuleyule aliyenyimwa mkopo. Akakana. Ofisa akamwonyesha: miundu ya wenzake haina nzi, wako umewavuta nzi kwa kuwa harufu ya damu haijatoka. Mtu yule akainamisha kichwa na kukiri.

Hakupigwa hata kiboko kimoja. Kuungama kulikuja baada ya ushahidi.

Mwaka 1768 mpangilio huo ulipinduliwa. Wakati huo walitawala Wamanchu wa nasaba ya Qing, na mfalme alikuwa Qianlong. Tangu 1645 kila mwanamume Mchina alilazimishwa kunyoa mbele na kusuka nywele za nyuma kuwa msuko mrefu, alama ya utii kwa wafalme wapya. Mwanzoni mwa mwaka ule, katika mji wa Deqing mkoani Zhejiang, waashi walikuwa wanajenga upya lango la maji na daraja. Ukaenea uvumi kwamba mwashi akiandika jina la mtu kwenye karatasi na kuligongomea juu ya nguzo ya daraja, roho ya mtu huyo huhama ikaipa nguzo nguvu, naye huugua na kufa. Mkulima mmoja, Shen Shiliang, akamwendea mwashi Wu Dongming kumwomba awafanyie hivyo wapwa zake waliokuwa wakimnyanyasa. Mwashi akashtuka, akamkamata na kumpeleka serikalini. Shen akachapwa, lakini uvumi haukuchapika. Ukageuka kuwa uvumi wa watu wanaokata ncha za misuko ya nywele ili kuiba roho.

Wazee wetu wa pwani na bara waliowahi kukimbizwa na habari za mumiani wangeyatambua yaliyofuata. Mgeni yeyote alitiliwa shaka, hasa watawa wa Kibuddha wanaotembea na ombaomba. Huko Xiaoshan mtawa mmoja alimuuliza mtoto jina lake, ikatosha kwa umati kumzingira yeye na wenzake. Polisi aliyewakamata aliwasilisha mikasi na nywele kama ushahidi, nao walipobanwa miguu kwa chombo cha mbao wakakiri. Kesi ilipopanda mkoani, jaji akaziangalia zile nywele na kumhoji polisi badala ya watawa. Polisi akaungama kwamba nywele alizitia mwenyewe. Watawa wakaachiwa.

Ingeweza kuishia hapo. Lakini mfalme alipopata habari katikati ya mwaka aliona kitu kingine. Msuko ndio alama ya utii wake, na anayeukata pengine ni mwasi. Akawakemea magavana kwa uzembe na kuwataka wamlete kinara. Gavana Funihan wa Shandong akawa wa kwanza kumridhisha. Ombaomba wawili, Cai Tingzhang na Jin Guanzi, waliteswa mpaka wakataja majina ya watawa wachawi na walimu wao wa mbali. Amri zikaruka mkoa hadi mkoa. Kila gavana alitafuta watu waliotajwa, akapata wenye majina yanayofanana au asipate mtu kabisa, akatesa aliowapata, na kila mateso yakazaa majina mapya. Baadhi ya washukiwa walifia mahabusu.

Kilichoivunja kesi ni kuwaleta washukiwa mbele ya washauri wakuu wa mfalme na kulinganisha maelezo yao. Cai na Jin walipohojiwa upya walikana kila kitu: majina yalikuwa ya kubuni, yaliyotolewa ili mateso yakome. Wazee wawili wa baraza, Fuheng na Liu Tongxun, wakamshauri mfalme asitishe msako. Mapema Novemba 1768 ukasitishwa. Qianlong hakukubali kwamba hapakuwa na wachawi; alilaumu maofisa kwa kuharibu upelelezi, na Funihan akashushwa cheo kwa kuficha kwamba alitesa. Mateso ya kutafuta ungamo yalikaa katika sheria ya China karne nzima na zaidi, mpaka 1905, wanasheria Shen Jiaben na Wu Tingfang walipofanikiwa kuishawishi serikali iyafute, mwaka uleule ilipofutwa adhabu ya kumkata mtu vipandevipande akiwa hai.