Jiwe la Shinkolobwe



Karibu na mji wa Likasi, katika eneo la Katanga la nchi jirani ya Kongo, pako mahali paitwapo Shinkolobwe. Mwaka 1915 yaligunduliwa hapo mawe mazito yenye urani kwa kiwango kilicho nadra kuonekana duniani. Yafaa habari za mawe hayo zijulikane na kila alindaye mpaka, ghala au barabara, kwa kuwa zahusu hatari isiyosimama inapoamriwa kusimama.

Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Katikati ya atomu mna kiini, kama alivyoonyesha Ernest Rutherford mwaka 1911, na nje ya kiini hicho zimo elektroni. Kiini chenyewe kina protoni na neutroni. Idadi ya protoni ndiyo itofautishayo dhahabu na shaba, au risasi na urani. Urani ina protoni 92. Atomu zake nyingi zina neutroni 146, lakini yapata 7 katika kila 1,000 zina neutroni 143. Viini vizito namna hiyo havitulii: hujivunja vyenyewe, kimoja kimoja, vikitoa mionzi. Mionzi hiyo iligunduliwa na Mfaransa Henri Becquerel mwaka 1896. Haionekani, haina harufu wala sauti. Lakini ikimpata mtu kwa wingi huharibu damu yake, na baada ya miaka yaweza kumletea saratani.

Kampuni ya Wabelgiji ilianza kuchimba Shinkolobwe mwaka 1921. Ilichotafuta hasa ni radiamu, iliyotumika hospitalini; urani ilionekana kuwa na thamani ndogo. Mambo yaligeuka mwishoni mwa mwaka 1938, Otto Hahn na Fritz Strassmann walipofanya jaribio mjini Berlin. Ilibainika kwamba neutroni yaweza kupasua kiini cha urani, na kila kiini kikipasuka hutoa neutroni nyingine za kupasua vingine. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni hiyo, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo. Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani, ambayo sehemu yake kubwa ilitoka Kongo, liliteketeza mji wa Hiroshima. Sengier alitunukiwa nishani na Marekani. Wakongo waliochimba hawakuwa wameambiwa jiwe lao linakwenda kufanya kazi gani.

Mwaka 1960, Kongo ilipokaribia uhuru, mgodi ulifungwa na mashimo yake yakazibwa kwa saruji. Lakini saruji huziba shimo, haizimi atomu. Urani iliyo nyingi huchukua miaka milioni 4,500 kupungua nusu, na radiamu miaka 1,600. Baadaye wachimbaji wadogo walirudi hapo kutafuta kobalti. Januari 2004 serikali ilipiga marufuku uchimbaji huo, na Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi ilibomoka na kuua watu.

Askari afanye nini akikuta mzigo wa namna hiyo? Kanuni ni tatu: kaa karibu nao kwa muda mfupi, simama mbali nao, na weka kizuizi kizito kati yako na mzigo. Chombo chenye alama ya mabawa matatu, mfano wa feni, kisifunguliwe wala kubebwa mikononi. Watu waondolewe, wataalamu waitwe.

Wahenga walisema: usilolijua ni kama usiku wa giza. Mchimbaji wa Shinkolobwe aliachwa gizani na waliokuwa na taa mkononi. Mlinzi wa leo hana sababu ya kubaki humo, maana anaowalinda hawana macho mengine ila yake.